Tovuti Yetu Iitweje? Kuchagua kati ya Jina Elezi na Jina Chapa

Utangulizi

Mwanzoni mwa muhula uliopita tulipigiwa simu na mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ya sekondari, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu hapa idarani. Baada ya shikamoo na kujuliana hali, alituuliza kwa sauti ya upole: "Walimu wangu, siku hizi idara inafundisha kamari?" Tulidhani ni mzaha. Kumbe alikuwa amewaelekeza wanafunzi wake wafungue anwani ya mtandao iliyochapishwa kwenye jalada la nyuma la kijitabu chetu cha mazoezi ya sarufi, na badala ya ngeli za majina walikuta matangazo ya kubashiri matokeo ya mpira.

Tulipofuatilia tuligundua kuwa kosa lilikuwa letu. Jina la tovuti ile lilisajiliwa miaka mingi iliyopita na mmoja wetu, kwa jina lake binafsi na kwa barua pepe yake binafsi. Alipohamia nchi nyingine, hakuna aliyekumbuka kulipia ada ya mwaka. Jina likaisha muda, likaachwa huru, likachukuliwa na watu wengine. Vijitabu bado viko mikononi mwa walimu na haviwezi kurudishwa kiwandani. Jina lenyewe hatutalitaja hapa, kwa sababu sasa ni la wenyewe na hatupendi kuwapelekea wageni zaidi.

Hivyo idara ililazimika kutafuta jina jipya. Tulidhani kazi hiyo ingemalizika katika kikao kimoja, lakini ilitugawa makundi mawili kwa majuma kadhaa. Kundi la kwanza lilitaka jina linaloeleza kazi yetu waziwazi, mfano "Jifunze Kiswahili". Kundi la pili lilitaka neno fupi la kipekee litakalokaa kichwani, mfano "Kalamu". Makala haya yanaeleza tulichojifunza katika mjadala huo. Tunaamini yatawafaa walimu na wanafunzi wanaofikiria kuanzisha tovuti ya shule, ya chama cha Kiswahili au ya kazi ya tafsiri. Aidha, kama tutakavyoona, suala lenyewe ni la kiisimu zaidi ya linavyodhaniwa.

Jina la kikoa ni nini?

Kila kompyuta iliyounganishwa na intaneti hutambuliwa kwa namba. Kwa kuwa binadamu hakumbuki namba ndefu kwa urahisi, mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani aitwaye Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kuzipa namba hizo majina. Majina hayo ndiyo tunayoyaita majina ya vikoa. Jina la kwanza lenye kikomo cha .com, yaani symbolics.com, lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985.

Jina la kikoa husomwa kwa vipande vinavyotenganishwa na nukta, na kipande kikubwa zaidi kiko mwishoni. Kipande hicho cha mwisho kinaweza kuwa cha jumla, kama .com na .org, au cha nchi: .ug ni Uganda, .ke ni Kenya, .tz ni Tanzania, .rw ni Rwanda, .bi ni Burundi na .cd ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tangu mwaka 2017 kuna pia .africa. Vyuo vikuu vya Uganda hutumia ac.ug, kama vile vya Kenya vinavyotumia ac.ke na vya Tanzania ac.tz.

Kipande kinachotuhusu ni kile tunachokichagua wenyewe. Sheria zake ni chache. Kinaruhusu herufi a hadi z, tarakimu na kistari. Hakiruhusu nafasi kati ya maneno, wala kistari kuanza au kumaliza. Hakitofautishi herufi kubwa na ndogo, na hakizidi herufi 63. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu huandikwa kwa herufi za kawaida zisizo na alama za juu wala za chini, isipokuwa alama moja tu: ritifaa ya ng'. Neno "ng'ambo" likiingia kwenye jina la kikoa hupoteza ritifaa yake na kuwa "ngambo". Msomaji anayejua lugha atalitambua, lakini mwanafunzi anayeanza atalitamka vingine.

Aina mbili za majina

Jina elezi ni lile linalotumia maneno ambayo watu huyatumia wanapotafuta huduma fulani. Mtu akisoma jina hilo anajua mara moja kilichomo ndani. Booking.com na Hotels.com ni mifano mashuhuri: moja linasema kuweka nafasi, jingine linasema hoteli.

Jina chapa halielezi kazi, bali linakuwa alama ya mwenye kazi. Linaweza kuwa neno lililobuniwa kabisa, kama Kodak, ambalo George Eastman alilisajili mwaka 1888 bila kulitoa katika lugha yoyote. Linaweza pia kuwa neno la kawaida lililohamishiwa mahali pasipolihusu, kama Apple kwa kompyuta au Amazon kwa duka.

Wanafunzi wa isimu watakumbuka somo la unasibu wa ishara, yaani kwamba hakuna uhusiano wa lazima kati ya sauti za neno na kitu kinachotajwa. Jina chapa huutumia unasibu huo kwa makusudi, kwani huchukua umbo lisilo na maana katika fani ile na kulijaza maana polepole, kwa kazi na kwa muda. Jina elezi hufanya kinyume chake, maana huazima maana ambayo tayari imo katika lugha.

Hoja za kundi la kwanza

Wenzetu waliotaka jina elezi walikuwa na hoja nzito. Mwalimu wa shule ya sekondari akiona "jifunzekiswahili" kwenye ubao wa matangazo hahitaji maelezo. Jina linajitangaza lenyewe, nasi idara hatuna fedha za matangazo.

Hoja yao ya pili ilihusu injini za utafutaji. Walisema kwamba mtu akiandika maneno fulani kwenye Google, tovuti yenye maneno hayo hayo katika jina lake hutangulizwa. Hoja hii ilikuwa na ukweli mkubwa zamani. Watu wengi walisajili majina marefu ya maneno yanayotafutwa sana, wakaweka humo kurasa chache zisizo na faida kwa msomaji, na bado wakapata wageni. Hata hivyo, mwezi Septemba 2012 Google ilitangaza badiliko lililolenga tovuti duni zilizotegemea majina yanayolingana neno kwa neno na maneno yanayotafutwa. Tangu hapo jina peke yake halibebi tovuti. Jina elezi halikatazwi, na tovuti nzuri yenye jina elezi haiadhibiwi. Kilichoondoka ni ile njia ya mkato. Kinachoangaliwa zaidi ni yaliyomo, na kama tovuti nyingine zinaona inafaa kuelekeza wasomaji kwake. Wahenga walishasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jina elezi lina udhaifu mwingine, nao ni kufanana. "Jifunze Kiswahili", "Jifunze Kiswahili Leo", "Kiswahili Jifunze" na "Somo la Kiswahili" ni majina manne ya watu wanne tofauti, lakini katika kumbukumbu ya msomaji yanakuwa kitu kimoja. Mwalimu akimwambia mwenzake "nilisoma kwenye ile ya jifunze nini sijui", mwenzake anaweza kwenda kwa jirani yetu.

Kuna pia suala la ukuaji. Jeff Bezos alianza kwa kuuza vitabu. Angeiita kampuni yake kwa jina la vitabu, jina hilo lingembana alipoanza kuuza vyombo vya jikoni. Idara yetu nayo leo inafundisha Kiswahili tu, lakini kuna mpango wa kuongeza mafunzo ya tafsiri na ya lugha nyingine za eneo letu. Jina linaloeleza kazi ya leo linaweza kuikana kazi ya kesho.

Hoja za kundi la pili

Waliotaka jina chapa walisisitiza ufupi, upekee na kumbukumbu. Walitukumbusha kwamba hata taasisi zetu za lugha hujulikana zaidi kwa chapa kuliko kwa maelezo. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1967, kila mtu analiita BAKITA. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikuwa TUKI, na mwaka 2009 ikawa sehemu ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Majina marefu ni maelezo kamili ya kazi, na akronimu ndizo chapa. Hii ni njia ya tatu ambayo Kiswahili kimekuwa kikiitumia muda mrefu: kuanza na maelezo, kisha kuyafupisha hadi yawe neno jipya linalotamkika. Lakini mfano huo huo unatoa onyo. Waliozoea TUKI walilazimika kujifunza neno jipya, na hata leo walimu wa rika letu huteleza na kusema TUKI. Chapa inayofungwa na jina rasmi hubadilika pale muundo wa ofisi unapobadilika.

Gharama ya jina chapa ni kwamba mwanzoni halisemi lolote. "Kalamu" inaweza kuwa duka la vifaa vya shule, gazeti, au chama cha waandishi. Lazima mwenye jina afanye kazi ya kulijaza maana, na kazi hiyo huchukua miaka. Kampuni kubwa hununua muda huo kwa fedha za matangazo. Sisi tungeununua kwa ubora wa masomo na kwa uvumilivu.

Neno moja, masikio mawili

Hapa ndipo mjadala wetu ulipobadilika. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao, aliomba ruhusa ya kuuliza: "Walimu, mtu asiyejua Kiswahili atajuaje kuandika neno jifunze?"

Tulikaa kimya kidogo. Jina elezi linafanya kazi kwa mtu anayeijua lugha ya jina hilo. Kwa mwalimu wa Kiswahili, "jifunze" ni maelezo. Kwa mwanafunzi anayeanza, ambaye ndiye tuliyemkusudia, "jifunze" ni sauti tu, yaani ni chapa. Yeye anapotafuta masomo ataandika kwa lugha anayoimudu. Hapa Uganda huenda ataandika kwa Kiingereza, na huko Burundi au Kongo kwa Kifaransa. Hata jina la lugha yetu halimo kwa umbo moja: sisi tunasema Kiswahili, wao wataandika "swahili" bila kiambishi ki-.

Kwa hiyo swali la kama neno ni elezi au ni chapa halijibiwi na neno lenyewe, bali na sikio la anayelisikia. Historia ina mifano mizuri. Mwaka 1983 Leslie Scott, aliyezaliwa Afrika Mashariki, alizindua huko London mchezo wa kupanga vipande vya mbao na kuuita Jenga. Kwa Mwingereza hilo ni jina la ajabu lisilosahaulika. Kwetu ni kitenzi cha kila siku, tena katika hali ya kuamuru. Mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, vijana wa Kenya waliunda tovuti ya kukusanya taarifa za matukio na kuzionyesha kwenye ramani, wakaiita Ushahidi. Kwa Mkenya jina lilieleza kazi. Mfumo huo ulipotumiwa katika nchi nyingine, jina lile lile likawa chapa. Mwaka 1994 mradi wa kamusi ya Kiswahili kwenye intaneti ulianzia katika Chuo Kikuu cha Yale, na baadaye ukajulikana kwa jina la Kamusi. Msomaji wa Kiswahili anaona jina la aina ya kitabu, na msomaji wa Marekani anaona jina la mradi mmoja mahususi.

M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, inaonyesha njia ya kati. "Pesa" inaeleza, "M" inatofautisha. Sehemu moja inampa mteja maana, nyingine inampa mwenye huduma umiliki. Wanafunzi wa mofolojia wataona kuwa huu ni muundo wa kawaida wa lugha: shina linabeba maana na kiambishi kinapambanua.

Sauti na tahajia: jaribio la simu

Majina ya tovuti husikika kabla ya kuonekana. Hutajwa redioni, kwenye simu na darasani. Inasimuliwa kwamba Bezos mwaka 1994 aliiita kampuni yake Cadabra, lakini wakili wake aliposikia neno hilo kwa simu alilisikia kama neno la Kiingereza lenye maana ya maiti. Jina likabadilishwa.

Sisi nasi tulifanya jaribio letu. Mwalimu mmoja alikaa ofisini, akawapigia wanafunzi waliokuwa darasani, akawatajia majina yaliyopendekezwa mara moja tu, nao wakaandika. Matokeo yalitufundisha mambo manne.

Kwanza, l na r. Katika Kiganda sauti hizi hazitofautishi maana: r huandikwa baada ya irabu e na i, na l kwingineko. Katika Kinyarwanda na Kirundi pia l na r hazitenganishi maneno. Lakini katika Kiswahili ni fonimu mbili, na jozi ambayo sisi walimu huifundisha kila mwaka ni hiyo hiyo ya kalamu na karamu. Baadhi ya wanafunzi waliandika "karamu". Mtu aliyetaka mazoezi ya sarufi angejikuta kwenye pilau na biriani!

Pili, gh, dh, th na h. Jina lenye "lugha" liliandikwa na wengine "luga". Neno "hadithi" lilipata maumbo kadhaa, likiwemo "adisi". Wenzetu wa mashariki ya Kongo husema "zahabu" kwa "dhahabu", na hilo si kosa la mtu mmoja bali ni mfumo wa sauti wa lahaja yao.

Tatu, m inayosimama kama silabi. "Msamiati" iliandikwa "musamiati" na wanafunzi ambao lugha zao zina kiambishi mu-. Tukisema jina letu ni lazima liandikwe bila u, tunakuwa tunamsahihisha mgeni kabla hajabisha hodi.

Nne, mipaka ya maneno. Kwa kuwa hakuna nafasi kati ya maneno, "lughani" inaweza kusomwa "lughani" au "lugha ni". Mtu anaweza kuweka kistari, lakini kistari hakisikiki, na ukilitaja jina kwenye redio lazima useme "kistari" kila mara.

Kanuni tuliyoipata ni hii: jina zuri kwa eneo letu liwe na silabi za konsonanti moja na irabu moja, liepuke sauti zinazochanganywa na lugha jirani, na liandikike kwa namna moja tu. Asiyeweza kuepuka hayo asajili pia tahajia ya makosa na kuielekeza kwenye tovuti yake, ikiwa bajeti inaruhusu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya alama za biashara hutazama majina kwa ngazi, kutoka yale ya jumla, yale ya maelezo, yale ya kudokeza, hadi yale ya kinasibu na ya kubuni. Kadiri jina linavyosogea mbali na maelezo ndivyo ulinzi wake unavyokuwa rahisi kupatikana. Sababu yake inaeleweka kwa mwanaisimu: maneno ya jumla ni mali ya wazungumzaji wote. Mwaka 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba Booking.com inaweza kusajiliwa kama alama ya biashara iwapo wateja wanalitambua jina hilo kama la kampuni moja. Lakini ilibidi kampuni ifike mahakama ya juu ili kulipata hilo. Jina la kubuni lisingehitaji safari hiyo.

Wazungumzaji wa Kiswahili wana kumbukumbu chungu katika suala hili. Kampuni ya Disney, baada ya filamu ya The Lion King ya mwaka 1994, ilisajili Marekani maneno "Hakuna Matata" kama alama ya biashara ya mavazi, na usajili huo ulikamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia saini ombi la kuupinga. Alama hiyo haimzuii mtu kusema maneno hayo, kwani inahusu bidhaa. Hata hivyo malalamiko yalieleweka: msemo ambao kwetu ni wa wote uligeuzwa chapa ya mmoja mahali ambapo hausikiki kama msemo. Ni kisa kile kile cha neno moja na masikio mawili, na safari hii kimefika kwenye daftari la sheria.

Jina ni la nani?

Tunarudi kwenye kisa chetu cha kijitabu, kwa sababu jina bora kabisa halina faida likipotea. Jina la kikoa halinunuliwi moja kwa moja, bali hukodishwa. Majina ya .com husajiliwa kwa mwaka 1 hadi 10. Muda ukiisha, kwa kawaida kuna kipindi cha neema kinachoweza kufika siku 45, kisha siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo yeyote anaweza kulichukua. Wapo wanaovizia majina yenye wageni tayari, hasa yale yaliyochapishwa vitabuni.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hivi sasa tumeweka taratibu zifuatazo. Jina linasajiliwa kwa jina la taasisi, na barua pepe ya usajili ni ya ofisi, si ya mtu. Tarehe ya kulipia imeandikwa kwenye kalenda ya idara pamoja na tarehe za mitihani. Watu wawili wana nywila. Na kabla ya kuchapisha anwani yoyote kwenye kitabu tunahakikisha imelipiwa kwa miaka mingi iwezekanavyo, kwa sababu karatasi haifutiki.

Njia nyingine ni kukaa chini ya anwani ya chuo. Faida yake ni kwamba ac.ug huleta imani na hailipiwi na idara. Hasara yake ni kwamba chuo kikipanga upya tovuti yake, anwani za idara hubadilika bila idara kuulizwa.

Tulivyoamua

Baada ya jaribio la simu, "Kalamu" iliondolewa na waliyoipendekeza wenyewe, huku wakicheka. "Sanifu" ilipendwa kwa sauti zake, hadi mwenzetu kutoka Bukavu aliposema taratibu: "Jina hilo mtu wa kwetu akilisoma ataona amehukumiwa kabla hajafungua mdomo." Tulikubali. Sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya pwani tumeambiwa mara nyingi kuwa lugha yetu imevunjika. Hatukutaka mlango wetu urudie maneno hayo.

Hatimaye tulikubaliana juu ya "Kisima". Ni neno la silabi tatu, kila silabi ni konsonanti na irabu, halina l wala r, na taswira yake haihitaji kufafanuliwa kwa mwanakijiji yeyote wa eneo letu. Lakini anayetafuta "kisima" peke yake atapata wachimbaji wa maji. Hivyo tumeliunganisha na jina la lugha: Kisima Kiswahili. Sehemu moja inabaki kichwani, nyingine inaeleza. Tukianza kufundisha lugha nyingine, Kisima kitabaki, na neno la pili litabadilika. Kuhusu wanaotafuta kwa Kiingereza na Kifaransa, tutawafikia kwa vichwa vya kurasa na maelezo ya masomo yaliyoandikwa kwa lugha hizo, si kwa jina. Na masomo rasmi ya shahada yatabaki chini ya anwani ya chuo.

Hitimisho

Katiba ya Uganda ilifanyiwa marekebisho mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaazimia kifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu wengi wanaotafuta vifaa vya kufundishia watapitia mtandaoni, na wakifika kwenye kamari badala ya sarufi hawatarudi mara ya pili. Kwa hiyo jina la tovuti si pambo. Atakayeanzisha tovuti na ajiulize maswali haya: Anayenitafuta anajua lugha gani? Akilisikia jina langu kwa simu ataliandikaje? Kazi yangu baada ya miaka kumi itakuwa ile ile? Nani atalipia ada nikiondoka? Akiyajibu manne hayo, ubishi wa jina elezi na jina chapa utapungua wenyewe.

Kwa walimu wanaopenda kulitumia jambo hili darasani, tunapendekeza zoezi moja. Wagawe wanafunzi katika vikundi, kila kikundi kibuni jina la tovuti ya shule kwa njia mojawapo: kuambatanisha maneno, kufupisha, kunyambua, au kuhamisha maana. Kisha mwanafunzi mmoja atoke nje na kuyataja majina hayo kupitia dirishani, wengine waandike. Tahajia zitakazotofautiana ziwekwe ubaoni, na wanafunzi waeleze chanzo cha kila tofauti kwa kulinganisha na lugha zao za kwanza. Sisi tulijifunza fonolojia ya eneo letu kwa saa moja kuliko tulivyotarajia.

Na wale wenye kijitabu chetu cha zamani, tafadhali bandikeni kipande cha karatasi juu ya anwani iliyo kwenye jalada la nyuma. Vibandiko vyenye anwani mpya vinapatikana ofisini kwetu bila malipo.